Aliyefunga Ndiye Afungue

Kufuli lenyewe lilikuwa la hovyo. Hilo ndilo lililomchoma Mzee Kitasa kwanza, kabla hata hajafikiria maana ya kulikuta pale. Asubuhi ya Jumatatu aliteremka ngazi tatu za mlango wa nyuma, sanduku la vifaa mkononi na fimbo kwapani, akaikuta baiskeli yake imefungwa kwenye nondo za dirisha kwa mnyororo mnene wa kufungia dume la ng'ombe. Kwenye ncha za mnyororo huo lilining'inia kufuli la bati lililopakwa rangi ya dhahabu. Kufuli la kuuzwa kwa ndoo, kama viazi. Mwenye pini ya nywele angelifungua huku anapiga soga.

 Alipaza sauti iliyowarusha njiwa kwenye paa la jirani.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

Binti yake, kitinda mimba wake, alitokeza kichwa dirishani na mswaki mdomoni. Alikuwa mshonaji, na tangu mama yao afariki alikuwa akiishi na baba yake, cherehani ikiwa imechukua chumba chote cha mbele.

"Chai iko tayari, baba."

"Nimeuliza chai mimi?"

Binti alitema povu. "Kaka alipita jana ukiwa umelala mchana. Ufunguo anao yeye."

Mzee Kitasa hakurudi ndani kunywa chai. Alikaa pale pale kwenye ngazi, karibu na baiskeli, akaanza kutafuta namba ya mwanawe kwenye simu.

Jina hilo la Kitasa alipewa na wateja, na alikuwa amelibeba muda mrefu kiasi kwamba watoto wa mtaani walidhani ndilo alilozaliwa nalo. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Tangu ujanani alizunguka mji mzima kwa baiskeli, sanduku likiwa limekazwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, akiwafungulia milango watu waliosahau funguo ndani, waliovunjia funguo kwenye tundu, na waliofungiwa nje na wake zao kwa sababu ambazo yeye hakuuliza. Alikuwa na kitita cha funguo malaya, zile zinazofungua kufuli lolote, zisizopungua kumi na moja, lakini hakuwahi, hata siku moja, kufungua mlango wa mtu kabla ya kumwona mwenyewe na kusikia kwa mdomo wake kwamba mlango ni wake. Polisi walimwamini kuliko walivyoaminiana wao kwa wao.

Kisha nyonga ikamsaliti. Ilianza kama kisu kidogo wakati wa kuamka, ikawa msumari mchana kutwa, mwishowe hospitali wakaitoa na kumwekea ya bandia. Daktari alimwahidi kwamba atatembea, na kweli alitembea, ila wenye utani walisema alibadilishiwa nyonga akapewa kinyonga. Kutembea mita mia moja kulimtoa jasho. Ajabu ni kwamba akikaa juu ya tandiko la baiskeli maumivu yalipungua, kwa kuwa mwili ulikuwa umekalia chuma na si mfupa. Shida ilikuwa vilima. Mji ule ulijengwa na watu waliochukia tambarare. Kila alipofika mwinuko ilimbidi ashuke akokote, na kukokota ndiko kulikomuua.

Alikaa nyumbani mwaka mzima. Alitengeneza makufuli ya majirani juu ya meza ya jikoni, akagombana na redio, akanenepa. Mpaka siku moja alipoisukuma baiskeli hadi kwa fundi wa baiskeli, mama mmoja mwenye viganja vipana na kicheko cha kuvunja vioo, akamwambia, "Fundi mwenzangu, iuze. Mimi na hii tumemalizana."

Yule mama aliizunguka baiskeli mara mbili. "Fremu yako nzima. Wewe ndiye uliyechakaa," alisema. "Niachie wiki moja."

Alipoirudia aliikuta na gurudumu jipya la nyuma lenye mota kwenye kitovu chake, na betri yenye ukubwa wa mkate imefungwa kwenye fremu. Waya mwembamba ulipanda hadi kwenye usukani, kulikokuwa na kioo kidogo chenye namba moja hadi tano.

"Ukikanyaga pedali, inakusaidia. Ukiacha, nayo inaacha," fundi alimweleza. "Haikubebi, Mzee wangu. Inakusindikiza tu."

"Huu si udanganyifu?"

"Unamdanganya nani? Kilima?"

Siku hiyo alipanda mlima wa Tangi, uliokuwa na tangi la maji la mtaa kileleni, mwinuko ambao hata vijana waliupanda wakiwa wamesimama juu ya pedali. Alikanyaga taratibu, mguu mbovu ukifanya kadiri ya uwezo wake na mota ikimalizia. Alipofika juu alikuwa anahema, ndiyo, maana kazi alikuwa ameifanya. Lakini alikuwa amefika. Alicheka peke yake pale juu hadi mwanamke aliyekuwa anaanika nguo akamuuliza kama yuko salama. Wiki hiyo hiyo aliwapigia simu wateja wake wa zamani mmoja mmoja: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, amerudi.

Alifanya kazi miezi miwili. Halafu Alhamisi moja, barabara ya sokoni, mtu aliyeegesha gari alifungua mlango bila kutazama nyuma. Mzee Kitasa aliuvaa ule mlango, akaenda chini. Kiwiko kilichubuka, nyusi ikashonwa nyuzi nne. Baiskeli haikupata hata mkwaruzo. Jumamosi, akiwa amelala na bandeji usoni, aliwasikia wanawe wakinong'ona sebuleni kwa sauti ile ambayo watu huitumia kwenye msiba.

Na sasa Jumatatu, mnyororo.

"Baba, shikamoo," mwanawe mkubwa alipokea simu. Huyu alikuwa meneja wa tawi la kampuni ya bima, mtu wa tai na kalamu mbili.

"Hiyo shikamoo kaa nayo. Ufunguo uko wapi?"

"Baba, tulikaa tukaamua..."

"Mlikaa na nani?"

"Mimi na mdogo wangu."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala, baba. Hatukutaka kukusumbua."

"Wanaoamuliwa mambo yao wakiwa wamelala ni maiti. Mtu mzima akilala huamshwa!"

"Ni kwa usalama wako."

"Usalama wangu umeutia mfuko gani wa suruali? Wa kushoto au wa kulia?"

Mwana alishusha pumzi. "Nina kikao sasa hivi. Tutazungumza Jumapili." Simu ikakatika.

Mzee Kitasa aliitazama simu kana kwamba imemtemea mate. Binti alikuwa amesimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Lakini baba, kikufuli kile kwako ni nini? Si ulifungue tu?"

"Mwizi ndiye anayefungua. Mwenye mali hupewa ufunguo."

"Haya. Ila mashati yenye damu niliyafua mimi," binti alisema, akaweka kikombe kwenye ngazi na kurudi kwenye cherehani yake. Siku hiyo cherehani ililia kwa nguvu kuliko kawaida.

Hakulifungua. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Kila asubuhi alitoka akiwa amevaa nguo za kazi, akaketi kwenye ngazi kando ya baiskeli iliyofungwa, akawaambia wateja waliopiga simu kwamba leo haji. Walipouliza kwa nini, alisema, "Muulizeni meneja." Jirani aliyekuwa akipogoa ua alimwonya kwamba hasira hasara. "Hasara nimekwisha kuipata," Mzee Kitasa alimjibu. "Niachieni basi hata hasira."

Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, simu ililia tena. Alikuwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka karibu themanini, aliyewafundisha hesabu nusu ya watu wa mji ule, yule meneja wa bima akiwemo. Aliishi peke yake juu kabisa, jirani na tangi la maji. Sauti yake ilikuwa na mwangwi.

"Kitasa, niko bafuni kwangu. Kitasa cha mlango kimegoma kuzunguka. Nimejaribu mpaka mkono umekufa ganzi."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Nimekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea kama kuku anayeatamia, na bomba ni kavu tangu wachimbe mtaro. Njoo."

"Nakuja, Mwalimu."

Alisimama. Barabara ya kupanda Tangi ilikuwa imechimbwa mtaro wa mabomba tangu mwezi uliopita. Gari lilikuwa halipiti, ila mwenye miguu na mwenye baiskeli waliweza kupenya pembeni. Kwa baiskeli zilikuwa dakika kumi na tano. Alifungua sanduku, akatoa waya wake mwembamba, akainama mbele ya lile kufuli la bati. Ncha ya waya iligusa tundu.

Hapo ndipo lilipo kosa lake, na baadaye mwenyewe hakulikana. Mkono wake ulisimama. Akilini aliwaona wanawe wawili sebuleni wakinong'ona, alimwona mwanawe akija jioni, akilikuta kufuli limefunguliwa na kusema kwa huruma, "Unaona alivyo? Kama mtoto." Damu ilimpanda kichwani. Akaurudisha waya kwenye sanduku, akachukua fimbo, akaondoka kwa miguu.

Njia ile ilimchukua karibu saa mbili. Sanduku lilimvuta bega la kulia, fimbo ikachimba kiganja cha kushoto, na kila hatua nyonga ya bandia ilimkumbusha kwamba si yake. Alipumzika kwenye mawe ya mtaro, kwenye hatua za maduka, juu ya ndoo iliyopinduliwa ya wachimba mabomba, ambao walimuuliza anakwenda wapi na hakuwajibu. Simu ya Mwalimu ilimfikia mara mbili. Mara ya kwanza alimwambia, "Niko njiani." Mara ya pili hakuipokea, kwa aibu.

Alipofika aliukuta mlango wa nyumba wazi na majirani watatu sebuleni. Walikuwa wameuvunja mlango wa bafu kwa mtaimbo. Ulikuwa mlango wa mbao ngumu, wa zamani, usiopatikana tena. Sasa ulikuwa umelala sakafuni vipande viwili, kitasa kikiwa bado kimeng'ang'ania kimojawapo. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kochi, amefunikwa blanketi, bilauri ya maji mikononi. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Nimekusubiri," alisema.

"Mwalimu, wameifunga baiskeli yangu. Wanangu. Wametia mnyororo na kufuli."

"Kufuli gani?"

Mzee Kitasa aliweka sanduku chini.

"Nimeuliza, kufuli gani? Mimi nakujua. Lipo kufuli la kukushinda wewe?"

"Si suala la kulifungua," alianza. "Ni haki yangu. Mtu hawezi kuiba kilicho chake..."

Mwalimu aliinua mkono, kama alivyokuwa akimnyamazisha mwanafunzi anayeropoka jibu. "Kwa hiyo ulikuwa na haki," alisema taratibu. "Na mimi nilikuwa na kiu. Haki umeila wewe, kiu nimeshinda nayo mimi."

Majirani walitazama chini. Mzee Kitasa alihisi uso wake ukiwaka moto hadi kwenye nyuzi za nyusi.  Aliokota kile kipande cha mlango, akakichomoa kitasa kilichogoma, akakitia mfukoni. Springi ya ndani ilikuwa imekatika tu, jambo la dakika tano. Aliaga, akatoka.

Kuteremka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Lakini sasa hasira yake, iliyokuwa imetawanyika kwa mnyororo, kwa kufuli, kwa jirani na kwa redio, ilikuwa imejikusanya mahali pamoja, ikawa na anwani. Sehemu yake ilimwelekea yeye mwenyewe, na hilo alilijua. Chini ya mtaro alipata teksi. "Nipeleke bima," alimwambia dereva.

Ofisi ilikuwa na mlango wa kioo na ubaridi wa mashine. Watu kama kumi na watano walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na kikaratasi cha namba. Mzee Kitasa alikuwa na vumbi hadi magotini. Alibonyeza kidude, kikamtemea namba arobaini na sita, akaketi na sanduku lake miguuni.

Mwanawe alimwona kupitia ukuta wa kioo wa chumba chake. Alitoka haraka, akainama, akanong'ona, "Baba! Kuna nini? Njoo ndani."

"Nasubiri zamu yangu."

"Baba, tafadhali. Watu wanatazama."

"Watazame. Wamekatiwa bima."

Mwana alisimama pale akiwa hajui mikono aipeleke wapi, kisha akarudi chumbani kwake na kujifanya anasoma. Namba arobaini na sita ilipoitwa, Mzee Kitasa alijikokota hadi dirishani. Karani, msichana mwenye sauti ya upole, alimkaribisha.

"Ni kuongeza muda, mzee, au ni madai?"

"Madai."

"Ya chombo gani?"

"Baiskeli."

Karani alivuta fomu. "Imeibiwa au imeharibika?"

"Imefungwa."

Kalamu ilisita. "Imefungwa na nani?"

"Na meneja wenu. Yule pale anayejifanya hanioni."

Kicheko kilianzia kiti cha mwisho kikaja hadi mbele. Karani aliinamisha uso juu ya fomu, mabega yakimtikisika. Meneja alitoka tena, na safari hii hakunong'ona. "Baba, ingia ndani!" Na kwa kuwa ile sauti, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, ilikuwa na hasira ya kweli, baba yake aliingia.

Mlango ulipofungwa mwana alilipuka.

"Unaniaibisha kazini kwangu! Kisa nini? Baiskeli!"

"Mwalimu wako amekaa bafuni kwa karibu saa mbili nzima asubuhi hii, amefungiwa, hana hata maji ya kunywa. Nimekwenda kwa miguu. Nimefika wamekwisha kuvunja mlango."

Mwana alishusha sauti. "Yuko salama?"

"Yuko salama. Kunitazama hataki, na ana sababu."

"Sasa kwa nini hukuifungua tu?" mwana alifoka. "Wewe! Kufuli lile? Nilijua utalifungua kabla ya chai ya Jumatatu!"

Mzee Kitasa alikuwa anaelekea kuketi. Akasimama wima. "Rudia."

"Nimesema nilijua utalifungua. Kila mtu angejua."

"Basi ulilifunga la nini?"

Mwana aligeuza macho dirishani. "Ili niwe nimefanya kitu," alisema. "Ukianguka tena, nisiseme sikufanya kitu."

"Kwa hiyo," baba alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sasa, jambo lililokuwa baya zaidi, "ulitaka mimi niwe mwizi wa mali yangu, ili wewe uwe mtoto mwema."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyofanya! Aliyenigonga ana miaka thelathini, macho yote mawili, shingo inazunguka. Hakutazama. Gari lake liko barabarani leo, nani amelifunga? Hakuna. Mnyororo umenunuliwa wa kumfunga aliyegongwa. Ningekuwa na miaka ishirini ungesema, pole, angalia milango. Lakini kwa kuwa nina mvi, kosa ni la baiskeli, kosa ni langu, kosa ni la kuwa hai!"

"Hukuwa wewe uliyepigiwa simu!" Mwana aligonga meza kwa ngumi, kalamu zikaruka. "Alinipigia mtu nisiyemjua. Akasema, kuna mzee amelala barabarani, jina lako limo kwenye simu yake, njoo. Hakusema mzima, hakusema mfu. Akakata. Dakika ishirini na tano za foleni, baba, nilikuwa sijui. Nikifika kwenye taa nasema yu hai, zikiruhusu nasema amekufa. Nilipokukuta umeketi unawagombeza watu, nilitaka kukupiga."

 Upande wa pili wa kioo wateja walikuwa wameacha hata kujifanya hawasikii.

 Mzee Kitasa hakulainika bado. Aliyosikia yalikuwa ya kweli, lakini hayakuuondoa mnyororo.

"Uliogopa," alisema.

"Niliogopa."

"Ungekuja ukasema hivyo. Baba, nimeogopa. Ningekusikiliza. Labda tungegombana, lakini ningekusikiliza. Wewe ukaja na mnyororo nikiwa nimelala."

Mwana alivuta droo, akatoa ufunguo mdogo wa bati, akausukuma juu ya meza. Baba hakuugusa.

"Utie mfukoni. Aliyefunga ndiye afungue."

Alitaka kuondoka kwa maneno hayo, lakini nyonga haikujali maneno. Ilikuwa imekaza. Mguu ulikataa kunyanyuka, akabaki ameshika ukingo wa meza, jasho likimtiririka. Mwanawe alinyoosha mkono, baba hakuushika. Mwishowe Mzee Kitasa alisema, akitazama ukuta, "Gari lako liko wapi?"

Mwana alichukua funguo za gari.

Nyumbani, meneja alipiga magoti kwenye uwanja wa nyuma na suruali yake iliyonyooshwa, akahangaika na kufuli lile hadi likaachia. Mnyororo ulianguka kwa kelele, binti akatoka na futi ya kupimia nguo shingoni.

"Huo ondoka nao," Mzee Kitasa alimwambia mwanawe. "Nisiuone tena hapa."

"Baba," binti alisema, "usimlaumu yeye peke yake. Na mimi nilikubali."

"Najua. Wewe nitakugombeza kesho. Leo nimechoka."

Na kesho yake kweli alimgombeza, alfajiri, juu ya chai na mkate, mpaka wote wawili wakaishiwa maneno. Binti naye alimwambia yake, kuhusu mashati na kuhusu kumsubiri mtu dirishani kila jioni. Kisha mzee akajaza sanduku, akalikaza kwenye keria, akawasha kile kioo kidogo, akaanza na namba tatu.

Mtaro wa mabomba ulikuwa bado wazi. Alipenya pembeni, kokoto zikilialia chini ya matairi, na mwinuko ulipoanza alipandisha namba nne. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba kwa safari ya jana. Aliulaza tu juu ya pedali ukaenda na mzunguko, wa kushoto ukasukuma, mota ikaguna kwa chini na kumsindikiza. Wachimba mabomba walimtambua. Mmoja alipiga mluzi. "Mzee wa jana huyo? Umepata mbawa?" "Nimerudishiwa!" aliwajibu bila kusimama, na bado alikuwa na hasira, ndiyo maana alipanda vizuri.

Alikuwa amemwita seremala, naye alimtangulia kwa Mwalimu. Walifanya kazi hadi adhuhuri. Mlango mpya haukuwa mzuri kama wa zamani, na Mzee Kitasa alilisema hilo mwenyewe. Aliweka kitasa chenye mfuo upande wa nje, ambacho mtu yeyote angeweza kukizungusha kwa sarafu kikigoma. Alimfanya Mwalimu ajifungie na kujifungulia mara tano. Hakupewa kiti wala maji, wala hakuvitarajia.

"Ukichelewa tena nitamwita mwingine," Mwalimu alisema alipokuwa anafunga sanduku.

"Sitachelewa."

"Na ukiwa na haki?"

"Nitakuja kwanza, haki nitaidai baadaye."

Mwalimu alitikisa kichwa, si kwa kumsamehe. Kama mtu anayeweka alama ya vema ndogo kwenye daftari chafu.

Jumapili mwanawe hakuja kuzungumza. Alipita asubuhi, akaacha kwenye ngazi kofia ngumu na kioo cha pembeni cha kufunga kwenye usukani, akaondoka. Kioo Mzee Kitasa alikifunga siku hiyo hiyo, maana kilikuwa na faida. Ile kofia aliipiga teke ikaenda chini ya ngazi, ikakaa huko wiki mbili, ndipo akaiokota na kuivaa bila kumwambia mtu.

Wakaanza utaratibu ambao hakuna aliyeupendekeza. Kila siku saa kumi na mbili jioni mwanawe alipiga simu.

"Umefika?"

"Nimefika."

Kisha kila mmoja alikata upesi, asije mwenzake akaongeza neno.

Siku moja simu haikulia. Ilifika saa kumi na mbili na robo, na nusu. Mzee Kitasa aliketi kibarazani, simu kiganjani, akainuka, akaketi, akamuuliza binti kama mtandao upo. Upo. Saa moja kasorobo alipiga yeye.

"Uko wapi wewe?" alifoka.

"Niko njiani, baba. Kuna foleni, na simu iliishiwa chaji, ndiyo kwanza naiwasha."

"Basi useme!" Mzee Kitasa alikata simu, akaitupa juu ya mto, akakaa akihema. Chumba cha mbele, cherehani ilikuwa imesimama, na binti yake alikuwa anacheka kwa sauti.